Bandeleti Ilisema Damu

Kalemie, 2 Februari 2024

Chérubin, mudogo wangu,

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako haiiti hata mara moja, na watu wanaotoka Kabalo wanasema antene ya kule imelala tangu mwezi wa kumi na mbili. Barua hii ninamupa Papa Exaucé, shefu wa treni, yule aliyetumika na Papa miaka mingi. Ameniahidi kwamba hatamupa muntu mwingine. Atakutafuta pale gare, kwenye kituo cha treni, mpaka akuone kwa macho yake.

Ni majuma sita sasa tangu uondoke. Sitazunguka: rudi nyumbani.

Najua kwa nini ulikwenda. Ile siku maji ya ziwa yalipoingia nyumba za chini, kila mwanaume wa avenue yetu alikuwa anabeba vitu vya jirani kupandisha juu, na wewe ukakaa chini katikati ya njia na godoro la Mama Tina kichwani. Papa akasema mbele ya watu wote: “Wenzangu walizaa wanaume. Mimi nilizaa gunia tupu, ukilisimamisha linaanguka.” Watu walicheka. Mimi yaya yako, dada mukubwa, nilikuwa pale na ndoo mukononi, na sikusema neno. Hilo linaniuma kuliko maneno ya Papa.

Yeye hakutaji. Lakini kila juma anauliza treni ya Kabalo imefika saa ngapi.

Niandikie. Hata mustari mmoja.

Yaya yako,
Mireille


Kabalo, 9 Februari 2024

Yaya Mireille,

Barua yako imefika, Papa Exaucé alinipa mukononi kweli. Mimi ni muzima. Nimepata kazi hapa gare. Tunapakia mahindi, mihogo, mapipa ya mafuta ya mawese, chochote kinachotoka kwenye mitumbwi ya muto Lualaba kwenda kwenye vagon za treni. Nyumba ninakaa na Dédé, mubebaji kama mimi, muntu muzuri, anakoroma tu.

Hapa wamenipa jina: Dizeli. Unajua kwa nini? Nikianza kazi ninaanza polepole sana, dakika kumi za kwanza mapaja na mikono vinawaka kama nimemwagiwa pilipili. Halafu nikivuta pumzi kidogo, kuna kitu kinafunguka ndani na ninaenda muchana kutwa. Injini ikishapata moto haizimiki. Kapita wetu, musimamizi wa wabebaji, anacheka, anasema usimuharakishe Dizeli, mungojee tu.

Kwa hiyo mwambie Papa kwamba gunia lake tupu linabeba magunia yaliyojaa.

Mimi sirudi sasa. Nitarudi nikiwa na kitu cha kumuonyesha.

Kuna neno lingine, wewe ni muntu wa labo, unapima damu na mukojo kila siku. Dédé mara mbili tatu, baada ya kazi nzito, amekojoa mukojo wa rangi ya kahawa isiyo na maziwa. Siku mbili, kisha unarudi kuwa kawaida. Anaogopa. Anafikiri kuna muntu amemufanyia kitu. Ni ugonjwa gani? Ananiomba usimwambie muntu.

Mudogo wako,
Chérubin


Kalemie, 14 Februari 2024

Mudogo wangu,

Nilifurahi, halafu nikakasirika, halafu nikafurahi tena. Ujumbe wako kwa Papa sikuufikisha. Uje umuambie mwenyewe.

Kuhusu Dédé: mwambie labo haihukumu muntu. Watu wanaooga na kufua mutoni kila siku wanapata kichocho, na kichocho kinatoa damu kwenye mukojo. Kuna pia malaria moja mbaya inayofanya mukojo kuwa mweusi, lakini hiyo ingekuwa imemulaza kitandani na homa. Siwezi kusema kitu bila kuona. Mara nyingine ikimutokea, atafute chupa safi, aichemshe, ajaze nusu, aifunge kwenye sachet nyeusi ya plastiki na kumupa Papa Exaucé. Aandike saa na tarehe.

Na wewe? Umeniambia juu ya Dédé na juu ya kapita, lakini miguu yako hukuisema. Ulipokuwa mutoto, tukienda masomo, ulikuwa unasimama kwenye kile kilima na kuinama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa ninakungoja na sikuuliza. Viatu vyenyewe, Chérubin, havikuwa na kamba.

Mireille


Kabalo, 20 Februari 2024

Yaya,

Chupa ya Dédé hii hapa. Ni ya leo asubuhi. Jana tulishusha mahindi saa mbili nzima bila kupumzika, sababu mvua ilikuwa inakuja na mwenye mali alikuwa anapiga kelele. Leo Dédé hawezi kunyoosha mikono. Hata kuchana nywele hawezi.

Miguu yangu ni mizuri. Zile hadithi za viatu ni za utoto.

Sasa sikia habari ya kweli. Jumanne ijayo, tarehe 27, itafika vagon ya simenti kutoka upande wa Lubumbashi. Kapita anataka kuchagua watu wane wa kudumu, si wa kuitwa leo na kuachwa kesho. Ametuambia: wale watakaoshusha vagon yote kabla ya saa sita ya muchana, hao njo wake. Jina langu nimeliandika la kwanza. Nikipata, nitafika nyumbani kwa Pasaka na kofia ya gare kichwani. Papa alivaa kofia ile miaka thelathini na moja. Nataka anione nayo, basi. Hata asiseme kitu.

Niombee.

Chérubin


Kalemie, 23 Februari 2024

Chérubin,

Chupa ilifika jana asubuhi, na tangu hapo sijakaa kwenye kiti. Acha nieleze kwa mupango, maana nikirukaruka utasema yaya anapenda kutisha watu.

Bandeleti ni kijiti cha plastiki chenye vipande vidogo vya rangi. Unakichovya kwenye mukojo. Kipande cha damu kikitoka manjano kuwa kijani, kuna damu. Hicho cha chupa yako kiligeuka kijani cheusi kabla sijahesabu kumi. Nikasema: sawa, kichocho. Nikazungusha mukojo kwenye mashini, nikachukua yaliyoshuka chini, nikaweka kwenye mikroskope. Hakuna yai la kichocho. Na hakuna hata chembe moja nyekundu ya damu. Nikarudia mara tatu. Nikafungua boîte mpya ya bandeleti. Bandeleti ilisema damu, mikroskope ikasema hapana damu, na mimi niko katikati yao, sijui ni nani anayesema uongo.

Nikamufuata Daktari Consolate pale lopitali. Hakuangalia hata karatasi yangu. Aliuliza: “Huyu muntu anafanya kazi gani?”

“Anabeba magunia.”

Akaweka kalamu chini. “Mireille, bandeleti haijui damu. Inajua chuma, ile chuma inayoshika oksijeni. Na chuma hiyo haiko ndani ya damu peke yake.”

Wewe ni mutoto wa reli, kwa hiyo nitakueleza kwa lugha ya nyumbani kwetu. Ndani ya damu kuna hemoglobini. Hiyo ni kama treni ya vagon ine. Inapakia oksijeni kwenye mapafu na kushusha njiani, gare kwa gare. Lakini treni haingii ndani ya nyumba za watu. Ndani ya musuli kuna proteini ingine, jina lake myoglobini. Ni ndugu ya ile ya kwanza, ila hii ni vagon moja tu, chuma moja, oksijeni moja. Inapokea oksijeni kutoka kwa treni na kuishika kwa nguvu kuliko treni yenyewe. Haiachi ovyo. Inangoja mpaka musuli uwe na njaa ya kweli, njo inafungua mukono. Ni yeye anayetia nyama rangi nyekundu. Paja la kuku ni jeusi na kifua ni cheupe kwa sababu paja linatembea siku nzima na linahitaji akiba. Hata samaki mugebuka, ule mustari mwekundu wa ubavuni ambao ulikuwa unaukataa na kumupa paka, ni yeye.

Kazi yake ni ya ndani. Haipaswi kutoka nje. Ikionekana kwenye mukojo, basi nyuzi za musuli zimepasuka na akiba imemwagika kwenye damu. Inateremka mpaka kwenye figo na kuziba, sawa vile majani yanavyoziba mufereji siku ya mvua. Mukojo unakuwa kahawa. Halafu unapungua. Halafu unakoma, na muntu anakufa kwa uchafu wa mwili wake mwenyewe.

Daktari hakuapa. Alisema chupa ilisafiri njiani, na chembe za damu zinaweza kupasuka ndani ya safari na kutudanganya. Anataka damu mbichi, aiache itulie. Maji yanayobaki juu yakiwa mekundu, ni damu iliyopasuka. Yakiwa safi, ni musuli.

Kisha akanipa maswali ya kumuuliza Dédé. Nayaandika ili umusomee. Je, tangu utoto alikuwa anachoka upesi kuliko wenzake? Je, akianza kazi kwa haraka misuli inakaza kama ubao? Je, akianza polepole, au akipumzika kidogo, baada ya dakika kumi nguvu inarudi ghafula, kama

Nimeacha kalamu, nimekwenda mpaka dirishani. Nimerudi.

Chérubin. Dizeli. Viatu bila kamba. Godoro la Mama Tina.

Mukojo huu si wa Dédé.

Nilimuuliza daktari: kama ni muntu aliyekuwa hivyo tangu utoto? Alisema kuna watu wanazaliwa na misuli yenye sukari ndani, akiba kamili, lakini ufunguo wa kuifungua haupo. Dakika za kwanza za kazi musuli unaishi kwa sukari ile. Wao hawana. Wakisimama, damu inaleta chakula kutoka sehemu zingine za mwili na wanaweza kuendelea. Wakilazimishwa, wanapasuka. Inatakiwa kuthibitishwa kwa vipimo ambavyo Kalemie hatuna. Lakini sikia mimi: hakuna bandeleti inayogeuka kijani kwa sababu ya uvivu.

Usiguse vagon ya Jumanne. Usibebe hata kiti. Kunywa maji, mengi, mpaka mukojo uwe mweupe. Nakuomba kwa jina la Mama.

Mireille

Jumamosi, tarehe 24. Papa Exaucé amenirudishia barua hii. Treni ya mizigo imetoka kwenye reli upande wa Nyunzu na hakuna kitakachopita mpaka waondoe vagon zilizoanguka. Anasema siku ine, pengine juma. Jumanne ni siku tatu tu kutoka leo. Niko na zamu mpaka Jumapili jioni. Nitamupa Papa asome. Sijui atasema nini.


Kalemie, 25 Februari 2024

Mireille,

Uko kazini, sikutaka kukungoja. Nimesoma. Barua ya ndugu yako iko mufukoni mwangu. Nimepata muntu wa moto, mwenye pikipiki, anayejua njia ya Nyunzu. Ni mbaya lakini inapita. Usitume muntu kunizuia.

Chai iko ndani ya termos.

Papa


Kabalo, 28 Februari 2024

Mireille binti yangu,

Nimefika leo saa ine ya asubuhi. Tulianguka mara mbili kwenye matope, na daraja moja tulilivuka tukiinua moto kwa mikono. Haidhuru.

Vagon ilikuwa jana.

Pale gare nilimukuta kijana, jina lake Dédé. Nikamuuliza habari ya Chérubin Hippolyte. Akanitazama, akauliza: “Wewe njo baba wa Dizeli?” Sikujua kama mutoto wangu ana jina hilo. Akanieleza yote. Ndugu yako alianza polepole kama desturi yake. Kapita akapiga filimbi, akasema leo hakuna kungojea muntu. Chérubin akakimbia kama wengine. Kwenye mufuko wa thelathini na mbili miguu ikakaza, na mikono ikabaki imekunjwa, hakuweza kuifungua kuachia mufuko. Dédé akamwambia: “Kaa chini, ndugu, kaa.” Yeye akajibu: “Siwezi kukaa. Papa ananiangalia.”

Mimi nilikuwa njiani, mbali sana, nasukuma moto kwenye matope.

Yuko kwenye kituo cha afya. Muganga ni Mama Philomène, mwanamuke mwenye akili. Nilimupa barua yako, akaisoma akiwa amesimama, akaenda moja kwa moja kumutoa damu. Akaiacha itulie kwenye kichupa. Maji ya juu yalikuwa safi, rangi ya nyasi kavu. Ameniambia nikuandikie hivyo, utaelewa.

Tangu jana jioni ndugu yako amekojoa kidogo tu, mukojo mweusi kama mafuta ya injini yaliyochoka. Tangu asubuhi, hakuna. Mama Philomène amemuwekea serum, maji ya kupitia mushipani, lakini anasema figo zinataka mashini ya kuosha damu, na mashini iko Lubumbashi. Mungu yupo: kesho Alhamisi kuna ndege ndogo inayoleta dawa, na rubani amekubali. Kuna nafasi ya mugonjwa na ya muntu mmoja. Nimesema aende muganga, maana mimi njiani sitajua kufanya kitu. Wewe panda ndege ya Kalemie umufuate.

Nilipoingia chumbani alifungua macho. Alisema: “Papa, nitasimama sasa hivi.” Nikamwambia alale. Hakulala. Alishika ukingo wa kitanda na kuanza kujiinua mbele yangu, na mimi niliendelea kusema lala, lala, na hakunisikia. Mama Philomène njo alimushika mabega.

Mukojo wa namna hii, Mireille, si mara ya kwanza ninauona. Nitakueleza. Si leo.

Barua hii anakuletea yule yule wa moto.

Baba yako,
Hippolyte


Kalemie, 2 Machi 2024

Papa,

Utakapofika nyumbani na kuona barua hii juu ya meza, mimi nitakuwa Lubumbashi. Daktari Consolate amenipa ruhusa na karatasi ya kumuonyesha daktari wa figo. Habari ya mwisho kutoka kule ni kwamba alifika hai na wamemuweka kwenye mashini. Zaidi ya hapo sijui, na ndege inachelewa, na ninatembea kutoka jikoni mpaka mulangoni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Papa, uliandika: si mara ya kwanza ninauona. Nimesoma maneno hayo mpaka karatasi imelainika. Wapi? Wa nani? Lini?

Nafikiri najua, na sitaki kujua kutoka kwako kwanza. Kama ni mukojo wa yule ninayemufikiri, si mimi ninayepaswa kuelezwa. Sitamuambia Chérubin kitu. Nitamuambia tu kwamba uko na neno lake. Wewe njo utamupelekea.

Samaki waliokauka wako kwenye kikapu. Ufunge mulango wa nyuma, maji yamepanda tena.

Mireille


Lubumbashi, 29 Machi 2024

Papa,

Leo ni Ijumaa Kuu. Ninaandika mwenyewe, vidole vimeanza kunisikia.

Siku kumi na saba figo zililala. Waliniweka kwenye mashini mara saba. Siku ya kumi na nane nilikojoa kikombe kimoja, na Yaya Mireille akakikamata kama muntu aliyepewa kalisi kanisani, akakimbia nacho kwenye koridoo akionyesha kila muganga aliyepita. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sasa mukojo ni mwingi na mweupe. Daktari anasema figo zimeamka, labda si zote kabisa.

Walikata kipande kidogo cha nyama ya paja langu na kukituma mbali. Majibu yamerudi: ni ule ugonjwa. Misuli yangu ina akiba na haina ufunguo. Nilizaliwa nao, nitakufa nao nikiwa muzee, kama nikiwa na akili. Nianze polepole, nipumzike, nisikimbie, nisinyanyue. Ukafunguka kidogo moyo wangu siku hiyo. Halafu ukafunga, sababu nilihesabu miaka niliyoitwa muvivu.

Umepiga simu mara nyingi. Yaya ananiletea simu na mimi ninageuka upande wa ukuta. Si dharau, Papa. Ukisema kwenye simu, nitasikia ile sauti, na mwili wangu utataka kusimama. Hata sasa. Nilijaribu juzi: nikisikia tu “Chérubin” miguu inakusanyika.

Yaya anasema uko na neno langu. Hataki kusema ni neno gani. Basi liandike. Kwenye karatasi naweza kukusoma nikiwa nimelala.

Chérubin


Kalemie, 8 Aprili 2024

Mwanangu Chérubin,

Hii ni karatasi ya tano. Zile ine nilizichoma jikoni kwa sababu kila moja ilianza na sababu zangu. Hii haina sababu.

Ulikuwa na miaka kumi na mine. Ilikuwa likizo kubwa, tulikuwa tunajenga jiko la nyuma. Matofali yaliachwa chini, kwenye njia ya ziwa, na nilikuambia uyapandishe. Ulikuwa unasimama mara kwa mara. Nikasema ukimbie. Ukasema: “Papa, miguu imefunga.” Nikavua mukaba. Ukakimbia. Ulibeba matofali yote ya siku ile mpaka saa kumi, na jioni hukuweza kushika kijiko.

Kesho yake asubuhi Mama yako aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa na ile ndoo uliyotumia usiku kukojoa. Akasema: “Angalia.” Nikaangalia. Ilikuwa nyeusi.

Nikasema: “Amekula mboga nyekundu.”

Akasema: “Hippolyte, mimi njo ninapika. Hakuna mboga nyekundu ndani ya nyumba hii.”

Akasema tena, na haya ni maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza: “Mutoto huyu si muvivu. Yuko na kitu ndani ambacho hatujui jina lake. Tumupeleke lopitali leo.”

Nikamwambia: “Nyamaza, Anne.” Nikachukua ndoo mukononi mwake, nikaimwaga, nikaiosha mimi mwenyewe. Sijawahi kuosha ndoo ndani ya nyumba hii siku ingine yoyote. Alinitazama nikiosha. Hakusema tena habari ile, hata siku anakufa.

Kwa hiyo watu wakikuambia baba yako hakujua, si kweli. Niliona. Niliogopa kwamba kama ni ugonjwa, basi mukaba wangu ulikuwa unapiga mugonjwa, na siku zote za nyuma zilikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa rahisi kwangu uwe muvivu.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimuambia Mama Tina na wale wote waliocheka siku ile ya godoro. Niliwaambia ulikuwa umebeba kitu kizito kuliko godoro. Sikuifanya vizuri. Ninakuambia ili ujue, si ili unishukuru.

Sijui kuomba musamaha. Sikufundishwa, na sikujifunza. Ninaomba.

Baba yako,
Hippolyte


Lubumbashi, 20 Aprili 2024

Papa,

Nilisoma barua yako nikiwa nimelala. Halafu nikakaa, nikaisoma tena. Nilimupa Yaya, akaenda nayo nje, akarudi macho mekundu, akasema ana mafua.

Maneno ya Mama nimeyanakili kwenye karatasi nyingine. Hayo ninayachukua. Mengine ya barua sijui nitayafanya nini. Kuna saa ninataka kukupiga. Kuna saa ninakuona ukiwa umeinama na ile ndoo na ninataka kukuita utoke pale. Saa hizo mbili zinafuatana, haziniachi nikae kimya. Usiniharakishe kwa jambo hili.

Daktari ameniruhusu. Tutafika kwa ndege ya Jumamosi, tarehe 4 Mei. Daktari Consolate ametafuta kazi ya kukaa: kuandika majina ya wagonjwa wanaoingia labo. Nitaanza kwa siku mbili za juma.

Uje kutupokea. Sitaki moto, sitaki gari, nataka kutembea kipande cha mwisho mpaka nyumbani, kile kinachopanda. Nitasimama njiani mara ine, pengine mara tano. Watu wa avenue watakuwa wanaangalia. Nikisimama, simama na mimi. Usiseme kitu. Nikianza tena, tuanze wote.

Chérubin